Maabara Si Pambo la Hospitali

Ipo hoja moja ambayo hutolewa mara kwa mara na watu wenye elimu zao, na kwa kuwa hutolewa na watu wenye elimu husikilizwa kwa heshima isiyoistahili. Hoja hiyo yasema kwamba kazi ya kupima dawa mpya za viuavijasumu dhidi ya bakteria ni kazi ya mataifa tajiri. Yasema kwamba nchi ambazo bado zina zahanati zisizo na maji na shule zisizo na madawati hazina sababu ya kuhangaika na sahani za maabara; kwamba wajibu wake ni kungoja, na dawa itakapokuwa tayari huko inakotengenezwa, italetwa na kugawiwa kama iletwavyo mbolea au dizeli.

Hoja hiyo ina sura ya busara, maana huonekana kuuhurumia mfuko wa umma. Lakini ni hoja potofu, na upotofu wake si wa maneno matupu. Gharama yake hulipwa wodini, na walipaji wakubwa ni watoto wachanga, kina mama waliotoka kujifungua, na makabwela wenye vidonda ambao hawana mahali pengine pa kwenda pindi dawa ya kwanza inaposhindwa. Kwa sababu hiyo hapana budi ichambuliwe kipande kwa kipande.

Hesabu ya vifo

Mwaka 2022 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha hesabu ya vifo vilivyotokana na usugu wa bakteria duniani kote. Hesabu hiyo ilikadiria kwamba katika mwaka mmoja tu wa 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu bakteria waliowashambulia walikuwa wameishinda dawa. Na ukichukua vifo vyote ambavyo usugu ulikuwa na mkono wake ndani, idadi ilifika milioni 4.95. Kanda iliyoonekana kuumia zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake haikuwa Ulaya, wala Marekani. Ilikuwa Afrika Magharibi, kusini ya Sahara.

Dar es Salaam nayo ilikwisha kuonywa zamani. Kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002 watafiti katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walipima damu ya watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizo makali. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto waliokutwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Miongoni mwa waliougua malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Kila mwananchi anaijua malaria, anaiogopa, na ana chandarua dhidi yake. Bakteria wa damu, ambao waliua kwa zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho, hawana hata jina la Kiswahili linalofahamika kijijini. Aidha, uchunguzi huo ulionyesha kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake walikuwa wamekwisha kuizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Hebu na ifikiriwe maana yake. Daktari alikuwapo. Muuguzi alikuwapo. Dawa ilikuwapo, tena ilitundikwa na kuingia mwilini kama ilivyoandikwa. Kilichokosekana ni habari: habari kwamba dawa ile, kwa bakteria yule, ilikuwa sawa na maji. Habari ya namna hiyo haipatikani kwa macho ya daktari hata awe bingwa wa namna gani. Hupatikana maabara, na haipatikani penginepo.

Je, vijidudu ni vile vile duniani kote?

Watetezi wa kungoja wana jibu lao. Husema kwamba dawa mpya imekwisha kupimwa Ulaya na Marekani, na kwamba kijidudu ni kijidudu tu, awe mgonjwa yuko New York au Nansio. Maneno haya yanaonyesha kutojua, na mfano mmoja watosha kuyaangusha.

Kwa miaka mingi kinga ya mwisho dhidi ya bakteria sugu wa Gram-hasi imekuwa dawa za kundi la karbapenemu. Bakteria wakajifunza kutengeneza vimeng'enya vya kuzikatakata dawa hizo. Lakini vimeng'enya hivyo si vya aina moja. Huko Marekani kilichoenea sana ni kile kiitwacho KPC. Kipo kingine kiitwacho NDM, ambacho kiligunduliwa kwa mgonjwa aliyetibiwa India na habari zake kuchapishwa mwaka 2009. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa mpya, mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu. Avibaktamu hukifunga KPC kisifanye kazi, na madaktari wa Marekani wakashangilia kwa haki. Lakini dhidi ya NDM, ambacho hutumia madini ya zinki kufanya uharibifu wake, avibaktamu haifui dafu. Ni kama kufuli la mlango mmoja kupelekewa ufunguo wa mlango mwingine.

Sasa swali ni hili: Afrika Mashariki ina kimeng'enya gani? Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya bakteria aina ya Klebsiella pneumoniae wenye NDM waliopatikana kwa wagonjwa wa Nairobi. Mwaka 2014 watafiti wa Mwanza walichapisha taarifa ya jeni za vimeng'enya vya kuharibu karbapenemu katika bakteria wa hospitali, na miongoni mwake zilikuwamo IMP na VIM, ambazo ni ndugu wa NDM kwa tabia: nazo hutumia zinki, nazo hazitishiki na avibaktamu. Nchi itakayoinunua dawa hiyo kwa fedha za kigeni kwa sababu tu imesifiwa ng'ambo, bila kwanza kuipima kwa bakteria waliotoka katika wodi zake yenyewe, yaweza kujaza bohari dawa ambayo haiwezi kumwokoa mgonjwa anayeihitaji kuliko wote.

Mfano wa pili ni plazomisini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Ilitengenezwa kwa makusudi ili iishinde silaha nyingi ambazo bakteria hutumia dhidi ya jamaa zake kama vile jentamisini. Lakini ipo silaha moja isiyoiweza: kimeng'enya kinachobadilisha mahali pale pale ndani ya bakteria ambapo dawa hunasa. Na silaha hiyo mara nyingi husafiri pamoja na NDM katika bakteria mmoja. Hapo tena, jina la dawa na sifa zake havimwambii mganga mkuu wa mkoa lolote mpaka bakteria wa mkoa wake wapimwe.

Kwa hiyo basi, kusema kwamba dawa imekwisha kupimwa ni kusema nusu ya neno. Imepimwa kwa bakteria gani, waliotoka kwa nani? Katika makusanyo makubwa ya bakteria yanayotumiwa na makampuni kupimia dawa mpya, Afrika imekuwa na sehemu ndogo mno. Na asiyehesabiwa katika kipimo hawezi kulalamika kwamba nguo haimkai.

Kazi ya maabara ni kazi gani?

Wako wengine wanaodhani kwamba kupima dawa dhidi ya bakteria ni miujiza ya mashine za mamilioni. La hasha. Msingi wake ni kazi ya nidhamu, na yafaa walimu waifahamu ili waieleze kwa vijana.

Mtaalamu huchukua bakteria waliopatikana katika damu, mkojo au usaha wa mgonjwa, akawakoroga katika maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na ukungu wa kipimo kilichowekwa. Kisha huwapaka juu ya chakula chao kigumu, agari ya Mueller-Hinton, hubandika juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, na kuiacha sahani katika joto la digrii 35 tangu jioni hadi asubuhi. Dawa inapofanya kazi, huonekana duara tupu kuzunguka karatasi, na duara hilo hupimwa kwa rula. Utaratibu huo uliwekwa sawa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, na mpaka leo ndio unaotumika sehemu nyingi za dunia.

Njia ya pili ni ya kutafuta kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia bakteria kukua. Dawa hupunguzwa nusu kwa nusu katika safu ya vishimo: mikrogramu 16 kwa mililita, 8, 4, 2, 1, na kuendelea. Kila kishimo hutiwa bakteria wapatao 500,000 kwa kila mililita. Kishimo chenye dawa kidogo kuliko vyote vilivyobaki vyeupe bila ukungu ndicho jibu. Kisha huulizwa swali la ziada: je, dawa imewaua au imewafumba tu? Husemwa imewaua ikiwa katika kila bakteria 1,000 hakubaki zaidi ya mmoja aliye hai.

Haya ni rahisi kuyaeleza, lakini si rahisi kuyafanya kwa uaminifu, na hapo ndipo watawala wa fedha wanapokosea. Kina cha agari hakina budi kiwe milimita 4. Ikiwa nene mno, duara hupungua na dawa nzuri huonekana mbovu. Ikiwa nyembamba mno, duara hupanuka na dawa mbovu huonekana nzuri. Karatasi za dawa zikikaa katika jokofu ambalo umeme wake hukatika kila jioni, nguvu zake huisha kabla hazijafika sahanini. Ndiyo maana maabara yenye heshima hupima kwanza bakteria wa mfano ambaye majibu yake yanajulikana, kama yule wa Escherichia coli mwenye nambari ATCC 25922; na asipotoa jibu linalojulikana, kazi yote ya siku hiyo hutupwa.

Dawa mpya nazo huja na matata yake mapya. Sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, huingia ndani ya bakteria kwa hila, ikiwa imejishikiza na madini ya chuma ambayo bakteria huyatamani. Ukiipima katika mchuzi wa kawaida wenye chuma tele, bakteria hafungui milango yake ya chuma kwa wingi, na dawa huonekana dhaifu kuliko ilivyo. Hapana budi chuma kiondolewe kwanza. Kolistini nayo, dawa ya zamani iliyorudishwa kazini kwa sababu ya usugu, haipimiki kwa karatasi, maana chembe zake ni kubwa na hazitambai vizuri katika agari. Ni lazima ipimwe katika mchuzi. Maabara isiyojua mambo haya haitatoa jibu pungufu tu, bali jibu la uongo, na jibu la uongo lenye muhuri ni baya kuliko kukosa jibu.

Aidha haifai kudai kwamba sahani ya maabara ndiyo neno la mwisho. Daptomisini iliidhinishwa mwaka 2003, na katika maabara ilikuwa ikiwaua bakteria wa nimonia vizuri sana. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa nimonia ikashindwa. Mwaka 2005 ikaelezwa kwa nini: majimaji yanayolainisha mapafu huikamata dawa hiyo na kuifunga. Kinyume chake kilitokea Ujerumani miaka ya 1930, ambapo Gerhard Domagk aliona kwamba Prontosil iliponya panya ingawa ndani ya chupa haikuua kitu. Wataalamu wa Paris wakaonyesha mwaka 1935 kwamba mwili huivunja dawa hiyo na kuitoa ile sehemu inayofanya kazi. Fundisho ni kwamba maabara ni mlango wa kwanza, na baada yake ipo milango mingine ya wanyama na ya wagonjwa. Lakini hakuna nyumba inayoingiwa kwa kuuruka mlango wa kwanza.

Soko haliwezi kuachiwa kazi hii

Hapa huinuka kundi jingine na kusema: hayo yote yatatengenezwa na soko, penye wagonjwa wengi patakuwa na wanunuzi, na penye wanunuzi makampuni yatakuja na dawa na maabara zake. Historia ya miaka ya karibuni imelikanusha dai hilo kwa namna isiyo na shaka.

Kampuni ya Achaogen ya Marekani ndiyo iliyotengeneza plazomisini. Dawa iliidhinishwa Juni 2018. Aprili 2019, hata mwaka haujatimia, kampuni ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Melinta, nayo yenye viuavijasumu vyake, ikafuata njia ile ile Desemba 2019. Makampuni makubwa yalikwisha kusoma alama: AstraZeneca iliuza biashara yake ya viuavijasumu mwaka 2016, na Novartis ikaacha utafiti wake wa viuavijasumu mwaka 2018. Sababu haihitaji shahada ya uchumi. Dawa ya shinikizo la damu mgonjwa huimeza maisha yake yote. Kiuavijasumu humezwa siku 7 na mtu akapona. Tena kiuavijasumu kipya na chenye nguvu, kwa busara ya uganga, huwekwa akiba kisitumiwe ovyo. Bidhaa ambayo sifa yake ni kutouzwa sana haiwezi kumshibisha mwenye kutafuta faida.

Uingereza, ambayo ni mama wa soko huria, ililitambua jambo hilo. Mwaka 2022 huduma yake ya afya ilianza kulipia dawa mbili, sefiderokoli na ule mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu, kwa ada ya mwaka ya hadi pauni milioni 10 kwa kila dawa, bila kujali zimetumika dozi ngapi. Yaani serikali ililipia kuwapo kwa dawa kama inavyolipia kuwapo kwa zimamoto. Ikiwa tajiri mwenyewe hakuliamini soko katika jambo hili, maskini ataliamini kwa sababu gani?

Na maskini hupata nini wakati huu? Mwaka 2025 zilichapishwa hesabu za nchi 8, Kenya, Afrika Kusini, Misri na India zikiwemo, kuhusu maambukizo ya bakteria wa Gram-hasi walioshinda karbapenemu. Kwa mwaka 2019 yalikadiriwa maambukizo karibu milioni 1.5 katika nchi hizo. Dozi za dawa zinazofaa zilizonunuliwa zilitosha asilimia 6.9 tu. Wagonjwa 93 katika kila 100 walibaki mikono mitupu. Na ni vigumu kuiombea nchi dawa ambayo haiwezi kuonyesha kwa takwimu kwamba inaihitaji. Mwenye dawa huuliza: bakteria wenu ni wa namna gani, nao ni wangapi? Asiye na maabara hana la kujibu.

Je, Afrika Mashariki haiwezi?

Wale wanaodai kwamba kazi hii imezidi uwezo wa Waafrika wasomeshwe historia ya kifua kikuu.

Mwaka 1948 huko Uingereza yalichapishwa matokeo ya majaribio ya streptomisini. Wagonjwa walipata nafuu, lakini maabara ilionyesha kwamba kwa wengi wao vijidudu viligeuka sugu wakati bado wanatibiwa. Bila maabara, nafuu ile ingeshangiliwa na usugu ungejificha. Kutokana na onyo hilo ndipo dawa za kifua kikuu zikaanza kutolewa mbili na tatu kwa pamoja. Baadaye matibabu yaliyochukua mwaka mmoja na nusu yalifupishwa hadi miezi 6, na ushahidi wa kwanza mkubwa wa jambo hilo ulitoka katika hospitali za Afrika Mashariki, katika majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na kuchapishwa mwaka 1972. Mwaka 1980 Amina Jindani na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanyika Nairobi, ambamo vijidudu hai vilihesabiwa katika makohozi ya wagonjwa siku baada ya siku, ili ionekane ni dawa gani inayoua upesi. Njia hiyo ya Nairobi imekuwa mlango unaopitiwa na dawa mpya za kifua kikuu duniani.

Wala si hadithi za kale tu. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini na Tanzania kwa wagonjwa 365, ambayo yalionyesha kwamba rifampisini ya miligramu 35 kwa kilo moja ya uzito, badala ya 10 za kawaida, ilisafisha makohozi mapema zaidi pamoja na dawa nyingine. Waliootesha vijidudu hivyo na kuvisoma ni mafundi wa Kiafrika katika maabara za Kiafrika. Uwezo upo basi. Swali ni kwa nini uwezo huo umeachwa uishie katika ugonjwa mmoja, tena mara nyingi kwa fedha za wafadhili, huku maabara ya bakteria wa damu na vidonda ikibaki chumba cha nyuma chenye hadubini moja na fundi mmoja.

Utafiti wa nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotangazwa mwaka 2022, ulikuta kwamba katika maabara za tiba zipatazo 50,000, zilizokuwa zikipima bakteria ni asilimia 1.3 tu. Hizo ni kama maabara 650 kwa nchi 14. Katika nchi 8 kati ya hizo, zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa mbali na maabara yoyote ya namna hiyo. Huko ndiko kuungoja utajiri wa wengine kunakofikisha.

Majani na magazeti

Haitakuwa haki kuwalaumu watawala wa fedha na kuwaacha wasomi. Umezuka mtindo wa kutangaza kwamba jani fulani, au mzizi fulani, umethibitishwa kuua bakteria. Ukitazama uthibitisho wenyewe, ni duara moja katika sahani moja. Lakini chumvi nyingi huua bakteria sahanini, sabuni huua, jiki huua, wala hakuna aliyeshauri mgonjwa achomwe sindano ya jiki. Swali si kama kitu kinaua. Maswali ni matatu: kinaua kwa kiwango gani, kinaua bakteria bila kuua chembe za mwili, na je, kiwango hicho chaweza kufikiwa katika damu ya mtu? Dawa nzuri hufanya kazi kwa mikrogramu. Jani lililosagwa mara nyingi hudai miligramu, yaani mara elfu.

Hii si dharau kwa miti shamba. Dawa ya artemisinini ya malaria ilitokana na mmea wa China, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini hakupewa tuzo kwa kuusifu mmea. Alipewa kwa kuupitisha katika kila mlango wa upimaji mpaka ukatoa dawa. Mwenye kuupenda urithi wa mababu aupeleke maabara, ukapimwe kwa mizani ile ile inayopimia dawa ya Uswisi. Kuuonea huruma ni kuudharau.

Wajibu

Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945 kwamba dozi hafifu zingewafundisha bakteria usugu. Na hata kabla yake, Desemba 1940, Abraham na Chain walikwisha kuchapisha habari za kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja penisilini, wakati dawa yenyewe bado haijawafikia wagonjwa. Maabara ilisema mapema. Dunia ndiyo iliyochelewa kusikia.

Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulitoa azimio la kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030, na kwamba asilimia 80 ya nchi ziwe na uwezo wa kupima usugu wa bakteria na kuvu wote waliomo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Maazimio hayaoteshi bakteria. Yatekelezwayo huandikwa katika vitabu vya bajeti, na vitabu hivyo huandikwa na watumishi wa serikali.

Hakuna anayedai kwamba kila wilaya ijenge kiwanda cha dawa. Linalodaiwa ni dogo na linawezekana. Kila hospitali ya mkoa iwe na maabara ya kuotesha bakteria na kupima dawa, yenye umeme wa akiba na fundi zaidi ya mmoja. Bakteria sugu wanaopatikana wahifadhiwe katika maabara ya taifa kama mbegu zinavyohifadhiwa, ili dawa mpya yoyote inayoombewa kibali ipimwe kwanza kwa bakteria hao. Na kibali kisitolewe kwa barua ya sifa kutoka ng'ambo pasipo matokeo ya hapa nyumbani.

Afisa anayefuta fungu la agari na karatasi za dawa kwa sababu halionekani kama jengo au gari, ajue kwamba hakuokoa fedha. Amehamisha gharama kutoka kitabu chake cha hesabu na kuipeleka kitandani kwa mtoto wa mtu. Mwalimu anayefundisha sayansi kwa kukaririsha majina ya bakteria bila kuwaonyesha wanafunzi jinsi jibu la kweli linavyotafutwa, ajue kwamba mafundi wa maabara hizo wako mbele yake darasani, nao wanamngoja.

Mtoto aliyelazwa leo na homa ya damu hana muda wa kungoja dunia imkumbuke. Ana saa chache, na katika saa hizo jambo moja tu linatakiwa lijulikane: ni dawa ipi. Nchi inayoweza kulijibu swali hilo kwa mikono yake yenyewe ndiyo inayostahili kusema kwamba inawalinda watu wake.